Mkono wa Wino na Mkono Msafi: Namna ya Kuanzisha na Kuendesha Karakana ya Pamoja ya Uchapaji wa Sanaa

Mchoraji wa rangi anaweza kufanya kazi chumbani peke yake maisha yake yote na asipungukiwe na kitu. Mchapaji hawezi, na akilazimisha atataabika. Anapomaliza kulipaka bao lake wino, mikono yake huwa imekwisha kuchafuka, na karatasi inayosubiri ni nyeupe, haitaki hata alama ya kidole. Kwa hiyo panahitajika mtu wa pili, aliyenawa, wa kuishika karatasi kwa pembe mbili na kuilaza mahali pake. Katika karakana niliyojifunzia kazi hii, wawili hao tuliwaita mkono wa wino na mkono msafi, na walibadilishana zamu kutwa nzima.

Uchapaji ninaouzungumzia hapa si ule wa vitabu wala wa mabango. Ni sanaa ambayo msanii huchonga bao la mbao au la lino (lile zulia gumu la kutandikia sakafu), au hukwaruza bamba, akalipaka wino na kulikandamiza kwenye karatasi mara kadhaa, hata akapata nakala zinazofanana ambazo kila moja ni kazi halisi yenye saini yake. Mwongozo huu ni wa watu wanaotaka kuifanya kazi hiyo kwa pamoja katika miji yetu, na nausema msimamo wangu mapema: vifaa ni sehemu ndogo ya shughuli yenyewe. Kinachowakuza wasanii ni ule ulazima wa kuhitajiana, na wajibu wa mwanzilishi wa karakana ni kuuwekea ulazima huo utaratibu ili usigeuke ugomvi.

Anza na watu, mashine itafuata

Kosa linalorudiwa zaidi ni kutafuta mashine kwanza. Nimewahi kuona mashine nzuri ya kukandamizia iliyoagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za ufadhili, ikafika, ikakataa kupita mlangoni, ikakaa barazani chini ya turubai kwa misimu miwili ya mvua. Walioimaliza bajeti kwa kuinunua hawakubakiwa na fedha ya kubomoa ukuta, na hata ingeingia ndani, mjini hapakuwa na watu watano waliojua kupaka wino.

Kusanya watu sita hadi kumi, na usiwachague wote kutoka kundi moja. Mwandishi wa vibao vya maduka, mwalimu wa sanaa wa sekondari, mchongaji wa vinyago na mwanafunzi aliyetoka chuoni juzi watafundishana mambo ambayo wanafunzi kumi wa darasa moja hawawezi kufundishana. Mkutane siku moja kila wiki kwa miezi mitatu bila mashine yoyote. Kwa kipindi hicho mnahitaji seti moja ya patasi kwa kila watu wawili, vipande vya lino au vya plaiwudi, rola moja ya mpira, kipande cha kioo kinene ambacho kingo zake zimezungushiwa tepu, kopo moja la wino mweusi wa mafuta, karatasi nyepesi, na vijiko. Mgongo wa kijiko, ukisuguliwa kwa subira juu ya karatasi iliyolazwa kwenye bao lenye wino, hutoa chapa safi kabisa. Ubaya wake ni kwamba hula muda na huuma bega. Wino wa rangi nyingine usiletwe kwanza. Mweusi peke yake hufichua uchongaji mbaya, na ndicho mnachotaka mwanzoni.

Lino huwa gumu asubuhi za baridi, kwa hiyo lianikwe juani kwa dakika chache hadi lilainike ndipo lichongwe. Patasi isukumwe kuelekea mbele, na mkono wa pili ubaki nyuma ya ncha yake kila wakati. Sheria hii isiwe na msamaha hata kwa fundi mzoefu, kwa kuwa mzoefu ndiye anayesahau. Mengine watu hujifunza kwa kukosea mbele ya wenzao. Katika somo moja la kwanza nilimwachia kijana achonge neno UMOJA bila kumwonya kwamba chapa hugeuza kila kitu kama kioo kinavyogeuza sura. Herufi U, M, O na A hazibadiliki zikigeuzwa, hivyo bao lilipokuwa mikononi mwake halikumtia shaka yoyote. Karatasi ilipobanduliwa likasomeka AJOMU, na J yake ikiangalia upande usio wake. Wiki iliyofuata, pasipo mtu kuwaambia, wote waliandika maneno yao kwenye karatasi nyembamba, wakaigeuza, ndipo wakanakili kwenye bao. Kosa la namna hiyo pale linaitwa ajomu hadi leo. Kikundi kinapoanza kuwa na maneno yake chenyewe, ndipo unapojua kwamba kimeshika.

Fundisheni pia kusikiliza. Wino ukitandazwa kwenye kioo kwa rola, mwanzoni huwa mzito na hutoa sauti ya kunata kama viatu vinavyotembea kwenye tope. Ukiendelea kuuviringisha, ile sauti hulainika ikawa kama ya mafuta yanayoanza kuchemka kikaangoni, na hapo umefikia unene wake. Hakuna kitabu kitakachomwonyesha mtu sauti hiyo. Lazima asimame kando ya anayeijua.

Robert Blackburn na mlango uliokuwa wazi

Kabla ya kuandika kanuni zozote, inafaa kumfahamu Robert Blackburn. Alizaliwa mwaka 1920 nchini Marekani kwa wazazi waliotoka Jamaica, akakulia Harlem, mjini New York, na huko akajifunza uchapaji wa mawe, ambao picha huchorwa juu ya jiwe laini badala ya kuchongwa, akiwa kijana katika kituo cha sanaa cha mtaa kilichoendeshwa kwa fedha za serikali wakati wa mdororo wa uchumi. Mwaka 1947 alifungua karakana yake mwenyewe mjini humo. Wakati huo msanii mweusi hakuwa na milango mingi ya kubisha, naye akaamua kwamba wa kwake usiulize rangi wala sifa: anayeanza aliweza kukaa meza moja na Romare Bearden au Elizabeth Catlett, ambao majina yao yalikuwa yamekwisha kuvuma. Wasanii kutoka Afrika, Asia, Karibi na Amerika ya Kusini walipita hapo, wakarudi kwao na ujuzi huo. Chapa zilizotoka katika karakana ile ni maelfu, na sehemu kubwa yake sasa imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Blackburn alijiruzuku kwa kufundisha na kwa kuwachapia wengine. Kuanzia mwaka 1957 alikuwa mchapaji mkuu wa kampuni ya Universal Limited Art Editions, ambako alizichapa kazi za mwanzo za mawe za mchoraji Mmarekani Jasper Johns. Fedha hiyo ndiyo iliyosaidia kuufanya mlango wake ubaki wazi. Hata hivyo karakana iliyobebwa na mtu mmoja huchoka pamoja naye. Ilifungwa mwaka 2001, mwenyewe akafariki mwaka 2003, na ilifunguliwa upya mwaka 2005 chini ya uangalizi wa Elizabeth Foundation for the Arts. Nawashauri mchukue moyo wa Blackburn, lakini msichukue hesabu zake.

Chumba, kichanja na mashine

Tafuteni chumba cha chini chenye sakafu ya zege, madirisha yanayotazamana ili hewa ipite, na maji karibu. Mlango upimwe kabla ya jambo lingine lolote. Ndani yake mpange sehemu tatu: meza ya wino upande mmoja, meza ya karatasi upande wa pili, na mashine katikati, ili mkono wa wino asiwe na sababu ya kuvuka kwenda kwenye karatasi. Mpangilio huu unaonekana wa kitoto mpaka siku mtu anapoweka kiwiko chenye wino kwenye rundo la karatasi arobaini za mwenzake.

Watu wengi hudhani kwamba foleni itakuwa kwenye mashine. Foleni huwa kwenye kichanja cha kukaushia. Wino wa mafuta huchukua siku kadhaa kukauka, na katika miji ya pwani, msimu wa mvua, unaweza kuchukua zaidi ya wiki. Chapa moja hupita kwenye mashine kwa dakika moja kisha ikakaa kichanjani siku sita. Kwa hiyo tengenezeni kichanja kwanza, kwa nyaya na mbao, chenye ngazi nyingi zaidi ya mnazodhani mnahitaji, na mtundike kamba zenye vibanio vya nguo kwa ajili ya ziada. Nafasi za kichanja zigawiwe kwa majina na tarehe. Nimeona urafiki wa miaka ukilegea kwa sababu ya ngazi tatu za waya.

Mashine ya kukandamizia yenyewe si siri kubwa: meza ya chuma inayopita kati ya rola mbili nzito, na blanketi la sufu kati ya rola ya juu na karatasi ili shinikizo lienee sawasawa. Mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Kamukunji jijini Nairobi wanaweza kuiunda, mradi mwende na michoro kamili yenye vipimo na msimamie kazi. Mambo mawili hayana njia ya mkato. Rola zikerezwe kwa mashine kutoka chuma kizima au bomba lenye ukuta mnene, kwa sababu bomba jembamba hupinda katikati na chapa zenu zote zitakuwa na doa hafifu mahali palepale. Na bamba la meza liwe limenyooka kweli. Mlilaze rula ya chuma juu yake na kutazama kama mwanga unapita chini.

Kwa wanaotaka kuchonga mabamba ya madini kwa kemikali, nawasihi waachane na asidi ya nitriki katika chumba cha kupanga. Mrututu, uleule ambao wakulima huutumia dhidi ya ukungu, ukichanganywa na chumvi ya kawaida katika maji hula zinki na alumini vizuri bila moshi ule wa kahawia wa asidi. Glavu na hewa bado ni lazima, na maji yaliyotumika yasimwagwe mfereji wala mtoni, kwa kuwa shaba iliyomo huua samaki. Lakini hata hilo linaweza kusubiri. Pakiti ya maziwa ya karatasi ngumu, ikikatwa, ikaoshwa na kukwaruzwa upande wake wa ndani kwa sindano, hushika wino kwenye mikwaruzo na kutoa nakala chache zenye mistari laini. Nani atakosa pakiti ya maziwa?

Kanuni za kuandikwa ukutani

Ziwe chache. Ya kwanza ni usafi: anayetumia kioo na rola avisafishe mwenyewe kabla ya kuondoka, wino ukifutwa kwanza kwa mafuta ya kula na matambara, kisha kwa sabuni na maji. Petroli na mafuta ya taa hayahitajiki kwa kazi hii. Matambara yaliyolowa wino wa mafuta ya kitani yasirundikwe pembeni hata usiku mmoja, kwa sababu mafuta hayo yanapokauka huzalisha joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye maji na kifuniko.

Ya pili ni fedha. Kila mwanachama atoe ada ya mwezi isiyoumiza, na juu yake alipie karatasi na wino aliotumia kwa daftari linaloonekana na wote. Wino usihesabiwe kwa kukisia. Pimeni kwa kijiko, andikeni. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vimetufundisha nidhamu ya daftari, mweka hazina na mkutano usioahirishwa, na sioni sababu ya wasanii kujifanya kwamba hawaijui. Asiye na ada alipe kwa kazi: kunoa patasi, kukata karatasi, au kuwa mkono msafi wa mwenzake kwa siku nzima. Msiihesabu kuwa hisani, kwa maana kijana aliyeshika karatasi za watu watano tofauti kwa mwezi mmoja huwa ameona namna tano za kufikiri, na mara nyingi humpita aliyekuwa akilipa.

Ya tatu ni ratiba ya mashine, ambayo ni rahisi: zamu za nusu siku, na anayechelewa kwa saa moja ameipoteza. Mambo ya usajili wa kikundi hutegemea nchi. Kwa Tanzania, Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, ndilo linalosajili wasanii na shughuli zao.

Kutazamana kazini

Mwaka 1927 Mwingereza Stanley William Hayter alifungua mjini Paris karakana iliyokuja kujulikana kama Atelier 17, kutokana na namba ya nyumba ilimokuwa baadaye katika mtaa wa Campagne-Première. Wasanii mashuhuri Miró na Giacometti ni miongoni mwa waliofanya kazi humo. Kwangu mimi jambo la thamani zaidi lililotoka pale ni mbinu kuliko picha. Katika miaka ya 1950 Krishna Reddy na Kaiko Moti, wote kutoka India, pamoja na Hayter mwenyewe, waligundua kwamba wino mwembamba wenye mafuta mengi na wino mzito wenye mafuta machache hukataana, na kwamba kwa kutumia rola laini na rola ngumu juu ya bamba lenye vina tofauti, rangi kadhaa zinaweza kuwekwa pamoja na kuchapwa kwa mara moja. Hakuna aliyekaa peke yake akaliwaza jambo hilo hadi mwisho. Mmoja aliona kioja kwenye bamba la mwenzake, akauliza, wakajaribu tena.

Utaratibu wenu uache nafasi ya jambo kama hilo kutokea. Jumamosi moja kila mwezi, tundikeni chapa zote za mwezi huo kwenye kamba, zikiwemo zilizoharibika, na mwenye kazi akae kimya kwa dakika tano wakati wengine wakieleza wanachokiona. Anayetetea kazi yake kabla haijatazamwa huwanyima wenzake macho. Zilizoharibika zipewe muda zaidi kuliko zilizofaulu, maana ndizo zenye maswali.

Mbinu nyingine inayofaa kufundishwa kwa kikundi ni ile ya bao moja linalopunguzwa, ambayo Fred Mutebi wa Uganda anajulikana nayo kwa chapa zake za mbao zenye rangi nyingi. Unachapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, kisha unachonga zaidi bao lilelile, unachapa rangi ya pili juu yake, unachonga tena, hadi bao linabaki na vipande vichache tu. Ukiwa na karatasi ishirini na rangi tano, bao hupita kwenye karatasi mara mia moja, na kila karatasi lazima iangukie mahali palepale. Hakuna kurudi nyuma, kwa sababu bao la jana halipo tena. Kazi hiyo, kwa mtu mmoja, ni adhabu. Kwa watu watatu wanaobadilishana zamu ni siku mbili za mazungumzo marefu, na wakati huo ndipo utasikia nani ana mpango wa kuacha sanaa na nani amepata kazi ya kuchora ukuta wa shule.

Kubadilishana chapa na kuweka kumbukumbu

Faida kuu ya chapa ni kwamba unaweza kuitoa na bado ukabaki nayo. Mara moja kwa mwaka fanyeni mabadilishano: mkiwa wanachama kumi, kila mmoja achape nakala kumi na mbili za kazi mpya kwenye karatasi ya kipimo kimoja, tuseme sentimita 20 kwa 25. Nakala hizo 120 zikipangwa upya hutoa seti kumi na mbili zenye chapa za watu wote. Seti kumi ni za wanachama, moja ni ya kumbukumbu ya karakana, na moja inauzwa kwa ajili ya wino na kodi. Ghafla kila msanii, hata yule aliyejiunga mwaka huohuo, anamiliki mkusanyo wa kazi za wenzake, na anapoualika ugeni nyumbani anawaonyesha wote kumi.

Zaidi ya hapo, kila toleo, yaani jumla ya nakala za kazi moja, linalochapwa karakanani liache nakala moja kwenye kabati la kumbukumbu, na seti ya pili ihifadhiwe nyumba nyingine. Mwaka 2003 moto uliteketeza Artist Proof Studio ya Johannesburg, karakana iliyoanzishwa mwaka 1991 na Kim Berman na Nhlanhla Xaba. Xaba alipoteza maisha katika moto huo, na kazi za miaka mingi zikawa majivu. Waliobaki waliijenga upya, ikaendelea kufundisha vijana.

Kuhusu kuuza, uaminifu wa mmoja ni sifa ya wote. Namba iandikwe kwa penseli chini kushoto, kwa mfano 3/20, yaani nakala ya tatu kati ya ishirini, na saini iwe kulia. Nakala za msanii mwenyewe ziwe chache, kwa desturi kama moja ya kumi ya toleo, na toleo likiisha bao likwaruzwe mbele ya shahidi. Mnunuzi akigundua kwamba mwanachama mmoja amechapa ya ishirini na moja, hatanunua tena kwa yeyote kati yenu. Karakana ikate asilimia mliyokubaliana kwa kila chapa iliyouzwa kupitia kwake, na makubaliano hayo yaandikwe kabla ya mauzo ya kwanza.

Kila mwaka badilisheni mtunza mashine. Anayetoka ashinde siku tatu na anayeingia, wafue pamoja mablanketi ya sufu kwa maji ya uvuguvugu na kuyaanika kivulini, wapake beringi grisi, kisha wachape bao moja la majaribio, lilelile la kila mwaka, hadi shinikizo la upande wa kushoto na wa kulia lilingane. Chapa hiyo iwekwe tarehe na majina ya wote wawili, na ibandikwe kwenye daftari la mashine juu ya ile ya mwaka uliopita.